Chombo Kinachorudi: Kufundisha Hesabu ya Roketi Zinazotumika Tena

Utangulizi

Wanafunzi wa sekondari wakiulizwa kwa nini ni ghali sana kupeleka setilaiti angani, wengi wao hujibu kwamba roketi hula mafuta mengi. Jibu hilo laeleweka, kwa sababu wamekwisha kuona picha za roketi ikiruka, na moto ndio unaoonekana kwanza. Hata hivyo si jibu sahihi. Mafuta ya safari moja ya roketi ya Falcon 9 ya Marekani yalikadiriwa na watengenezaji wake kuwa ya thamani ya laki chache za dola, ilhali bei ya safari hiyo iliyotangazwa kwa miaka kadhaa ilikuwa dola milioni 62. Katika kila dola aliyolipa mteja, mafuta hayakufikia hata senti moja. Kilichokuwa ghali katika safari za angani ni chombo chenyewe, ambacho kwa miongo mingi kiliundwa kwa kazi ya miezi mingi, kikatumika kwa dakika chache, kisha kikatupwa.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jitihada za kuunda roketi inayorudi nzima na kutumika tena, na kuonyesha namna mwalimu wa fizikia au wa hisabati anavyoweza kulifundisha jambo hilo. Somo hili lina hatari yake. Habari za anga hustaajabisha, na mwalimu asipokuwa mwangalifu kipindi kizima huishia katika kustaajabu. Wanafunzi hutoka darasani wakijua majina ya roketi na ya wenye kuzimiliki, lakini hawana kipimo cha kuamua kama madai wanayoyasikia ni ya kweli. Kwa sababu hiyo tunapendekeza somo zima liongozwe na swali moja: chombo kikirudi, kurudi kwake kumegharimu nini?

Kwa nini roketi ilitupwa

Ili chombo kiizunguke dunia bila kuanguka, hakina budi kufikia mwendo wa karibu kilomita 8 kwa sekunde. Wanafunzi wengi hudhani kuwa kazi ya roketi ni kupanda tu. Mwalimu awaeleze kwamba kitu kilichopandishwa hadi kilomita 200 kisha kikaachwa bila mwendo wa upande, kitaanguka kama lianguvyo embe kutoka mtini. Kupata mwendo wa upande ndiyo kazi kubwa. Tukijumlisha hasara inayoletwa na upinzani wa hewa na mvutano wa dunia, roketi hupaswa kuwa na uwezo wa kuongeza mwendo kwa zaidi ya kilomita 9 kwa sekunde.

Mwaka 1903 mwalimu wa shule wa Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, alichapisha kanuni inayoeleza uhusiano wa mwendo huo na uzito wa roketi. Kanuni hiyo yaweza kuelezwa bila alama za hesabu ya juu. Kila mara roketi inapotaka kuongeza mwendo ulio sawa na mwendo wa gesi inayotoka nyuma yake, uzito wake wa mwanzo hauna budi kuwa takribani mara 2.7 ya uzito utakaobaki. Tuchukue gesi inayotoka kwa mwendo wa kilomita 3 kwa sekunde. Ili kupata kilomita 9, kuzidisha huko kwafanyika mara tatu. Mwalimu aandike ubaoni: mwishoni tani 1, kabla yake tani 2.7; kabla yake tani 7.3, mwanzoni takribani tani 20.

Hapo mwalimu anyamaze kidogo na kuwaacha wanafunzi watazame hesabu hiyo. Katika kila tani 20 zinazoondoka ardhini, tani 19 ni mafuta na oksijeni ya kuyachomea. Tani moja iliyobaki hugawanywa baina ya injini, matangi, mitambo na mzigo wenyewe. Ndiyo sababu wahandisi waliigawa roketi katika sehemu zilizopangwa moja juu ya nyingine, nasi sehemu hizo tutaziita hatua. Hatua ya kwanza ikimaliza mafuta yake huachwa, ili hatua inayofuata isibebe matangi matupu. Utaratibu huo ni wa busara kwa upande wa uzito. Kwa upande wa fedha, maana yake ni kuwa kila safari huteketeza mali.

Pwani ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake juu ya jambo hili. Kuanzia mwaka 1967 hadi mwaka 1988, Waitalia chini ya mpango ulioasisiwa na Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti 9 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, nchini Kenya. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia wenyewe huipa roketi mwendo wa karibu nusu kilomita kwa sekunde kuelekea mashariki. Mojawapo ya setilaiti hizo ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo katika nyota. Roketi zilizotumika huko ziliitwa Scout, nazo zilikuwa na hatua nne. Katika safari zote hizo hapana hata hatua moja iliyorudi ili itumike tena.

Mfano wa chupa ya soda

Kwa kufafanua dhana ya kutumia tena, twaona kwamba hakuna zana iliyo karibu na bora kuliko chupa ya soda ya kioo. Mwalimu aje darasani na chupa hiyo pamoja na chupa nyembamba ya plastiki ambayo hutupwa baada ya kunywewa. Wanafunzi wazishike zote mbili, kisha waulizwe tofauti zake. Bila shaka watataja mambo yafuatayo, na kila moja lina mwenzake katika roketi.

Kwanza, chupa ya kioo ni nzito zaidi. Chombo kinachotakiwa kurudi hakina budi kuwa imara kuliko kile cha kutupwa, na uimara huo ni uzito. Roketi inayorudi hubeba miguu ya kutulia, mapezi ya kuiongoza, na mafuta ya akiba ya kupunguzia mwendo. Kila kilo ya vitu hivyo hupunguza mzigo.

Pili, chupa tupu haijirudishi yenyewe kiwandani, wala haijazwi kabla ya kuoshwa na kukaguliwa. Kuna gari la kuikusanya, maji ya kuioshea na mtu wa kuitazama kama ina ufa. Gharama hizo hulipwa kila mara chupa inapozunguka.

Tatu, chupa ya kioo haina faida ikizunguka mara moja tu. Faida yake huja ikizunguka mara nyingi, na mizunguko hiyo hutegemea kuwapo kwa wanywaji. Chupa elfu kumi zilizokaa ghalani ni hasara, hata kama kila moja yaweza kutumika tena.

Mambo haya matatu, yaani uzito ulioongezeka, gharama ya kutengeneza upya, na wingi wa safari, ndiyo mizani ya somo letu. Tutayapima kwayo majaribio makubwa yaliyokwisha kufanywa.

Space Shuttle: kurudi peke yake hakutoshi

Jaribio la kwanza kubwa lilikuwa Space Shuttle ya Marekani, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981. Chombo chake chenye mabawa kilipanda kama roketi na kurudi kikitua kama ndege. Roketi mbili za pembeni zilishushwa baharini kwa miavuli, zikaokotwa na kutumika tena. Tangi kubwa la nje pekee ndilo lililotupwa katika kila safari. Katika mipango ya awali ilitarajiwa kwamba safari zingekuwa nyingi, hata kufikia kadiri ya moja kila wiki, na kwamba bei ingeshuka sana.

Mambo hayakuwa hivyo. Mwaka uliokuwa na safari nyingi kuliko yote ulikuwa 1985, nao ulikuwa na safari 9 tu. Chombo kilifunikwa kwa vigae zaidi ya 20,000 vya kukikinga na joto, na baada ya kila safari vigae hivyo vilihitaji kukaguliwa. Injini zake zilihitaji matengenezo ya muda mrefu. Kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya watu waliopaswa kulipwa, safari ziwe nyingi au chache. Hadi ilipostaafishwa Julai 2011, Space Shuttle ilikuwa imefanya safari 135, na mpango mzima uligharimu karibu dola bilioni 200. Wanafunzi wagawanye wenyewe: ni karibu dola bilioni moja na nusu kwa safari moja.

Aidha, mwalimu asipite kimya juu ya ajali mbili. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger iliharibika muda mfupi baada ya kuondoka, na tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilivunjika ilipokuwa ikirudi. Watu 14 walipoteza maisha. Katika ajali ya pili chanzo kilikuwa kipande cha povu lililofunika tangi la nje, ambacho kilibanduka wakati wa kupanda na kutoboa ukingo wa bawa. Ukaguzi wa chombo kinachorudi, basi, si gharama tu ya kupunguzwa kwa haraka. Atakayeupunguza hana budi kwanza kuunda chombo kisichouhitaji sana.

Hatua ya kwanza yarudi

Njia nyingine ilikuwa kushusha roketi ikiwa wima, juu ya moto wa injini zake yenyewe. Chombo cha majaribio kilichoitwa DC-X kilionyesha mwaka 1993, huko New Mexico, kwamba jambo hilo lawezekana katika kimo kidogo. Mwaka 1996 mguu mmoja ulishindwa kufunguka, chombo kikaanguka na kuungua, na mpango ukasimama.

Kampuni ya SpaceX iliichukua njia hiyo kwa roketi ya Falcon 9. Hatua ya kwanza ya roketi hiyo ina injini 9, nayo huachana na hatua ya pili kiasi cha dakika mbili na nusu baada ya kuondoka, ikiwa na mwendo wa kilomita 2 hivi kwa sekunde. Hujigeuza, huwasha baadhi ya injini ili kupunguza mwendo, huongozwa na mapezi inapopita hewani, kisha huwasha injini tena karibu na ardhi na kutua kwa miguu minne. Ilifaulu kutua mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 2015, huko Florida. Mwezi Machi 2017 hatua iliyokwisha kutumika ilirushwa tena kwa mara ya kwanza, na kufikia mwaka 2025 kulikuwa na hatua iliyoruka zaidi ya mara 30.

Katika kutua huku mna fizikia nzuri ya kufundisha. Injini moja, hata ikipunguzwa nguvu mpaka kiwango chake cha chini kabisa, husukuma kwa kani inayozidi uzito wa hatua iliyo karibu tupu. Chombo, basi, hakiwezi kuelea hewani kikitafuta mahali pa kutua. Injini huwashwa kwa wakati uliokokotolewa, ili mwendo ufikie sifuri pale pale miguu inapogusa chini. Ikiwashwa mapema mno, chombo kitaanza kupanda tena, ikichelewa, kitajigonga. Kuhusu kusimama wima, mwanafunzi mmoja aombwe kusimamisha mpini wa ufagio juu ya kiganja. Atagundua upesi kwamba mkono haupumziki: kila mpini unapoinama, mkono huufuata. Kompyuta ya roketi hufanya vivyo hivyo kwa kugeuza injini.

Tupime sasa kwa mizani yetu. Roketi hiyo ikitumika bila kurudi huweza kubeba takribani tani 22 hadi mzingo wa karibu. Ikirudi, hubeba takribani tani 17. Uzito umelipiwa. Matengenezo hayakuwa makubwa, kwa sababu hatua ya kwanza hairudi kwa mwendo wa mzingo na haipati joto lililoipata Space Shuttle. Safari nazo zikawa nyingi, ingawa sehemu kubwa yake ni ya kampuni hiyo kurusha setilaiti zake yenyewe za mawasiliano. Hili la mwisho lafaa kujadiliwa darasani: mwenye chupa amekuwa pia mnywaji mkubwa.

Setilaiti ya Kenya iitwayo Taifa-1 ilipelekwa angani tarehe 15 Aprili 2023, kutoka California, kwa roketi ya aina hii, pamoja na setilaiti nyingine nyingi zilizogawana nafasi na gharama. Hatua ya kwanza ya roketi iliyoibeba ilikuwa imekwisha kutumika katika safari za awali.

Tatizo la hatua ya juu

Roketi ya Falcon 9, hata hivyo, hairudi nzima, kwani hatua yake ya pili hupotea katika kila safari. Sababu yaweza kukokotolewa. Hatua ya juu hufikia karibu kilomita 8 kwa sekunde, yaani mara nne ya mwendo wa hatua ya kwanza wakati wa kuachana. Kwa kuwa nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa mwendo, kila kilo ya hatua ya juu ina nishati mara 16 ya kupotezwa kabla ya kutua. Nishati hiyo hugeuka joto. Kuikinga hatua ya juu kwahitaji ngao, na kila kilo inayoongezwa juu kabisa hutolewa moja kwa moja katika mzigo.

Roketi iitwayo Starship, yenye urefu wa zaidi ya mita 120 na injini 33 katika hatua ya kwanza, inaundwa ili irudi yote. Iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa kamili tarehe 20 Aprili 2023, ikaharibika kabla ya hatua zake kuachana. Tarehe 13 Oktoba 2024 hatua yake ya kwanza ilirudi mahali ilipoondokea, ikadakwa na mikono miwili ya chuma ya mnara. Kwa njia hiyo roketi haina haja ya kubeba miguu. Uzito wake umehamishiwa ardhini. Mwezi Mei 2025 hatua ya kwanza iliyokwisha kutumika ilirushwa tena. Hatua ya juu, iliyofunikwa vigae, ilishuka kwa utaratibu katika Bahari ya Hindi zaidi ya mara moja, lakini hadi mwisho wa mwaka 2025 hapakuwa na hata moja iliyorejeshwa na kurushwa upya. Mwalimu ataje yote mawili kwa usawa, yaliyotendeka na yaliyo bado matumaini.

Hesabu ya darasani

Tunapendekeza hesabu ifuatayo. Tarakimu zake ni za mfano tu, zimechaguliwa ili zigawanyike kwa urahisi, na wanafunzi waambiwe hivyo.

Roketi A hutupwa yote. Kuiunda ni shilingi 60, nayo hubeba mizigo 20. Gharama ya mzigo mmoja ni shilingi 3, iwe safari ya kwanza au ya mia.

Roketi B hurudisha hatua ya kwanza. Hatua hiyo huundwa kwa shilingi 40, hatua ya juu ni shilingi 20 kila safari, na matengenezo kati ya safari ni shilingi 5. Hubeba mizigo 15. Baada ya safari 1, mzigo mmoja umegharimu shilingi 4. Baada ya safari 2, shilingi 2.83; baada ya safari 10, shilingi 1.90.

Roketi C hurudi yote. Kuiunda ni shilingi 60, matengenezo ni shilingi 10, nayo hubeba mizigo 10. Baada ya safari 1, mzigo mmoja umegharimu shilingi 6; baada ya safari 10, shilingi 1.50, baada ya safari 100, shilingi 1.05.

Wanafunzi wachore grafu tatu katika karatasi moja. Wataona kwamba B na C huanza zikiwa ghali kuliko A. Wataona pia kwamba B na C hukutana katika safari ya nne, zote zikiwa shilingi 2.25, na kwamba kuanzia hapo C hushinda. Kisha mwalimu abadilishe kitu kimoja tu: matengenezo ya B yawe shilingi 30 badala ya 5. Baada ya safari 10 mzigo mmoja utagharimu shilingi 3.40. Wanafunzi watafute ni safari ngapi zitahitajika ili B iishinde A. Watazidisha safari hadi mia na elfu, na jibu litabaki juu ya shilingi 3.33. Hapo ndipo watakapotambua kwamba kuna chombo kinachorudi salama kila mara, na bado ni ghali kuliko kile cha kutupwa. Wataielewa Space Shuttle kwa kalamu yao wenyewe.

Mpangilio wa vipindi

Somo hili latosha vipindi viwili vya dakika 40. Katika kipindi cha kwanza mwalimu aanze na puto lililofungwa kwenye mrija uliopitishwa uzi, ili kukumbusha kani na mwitiko wake, kisha afanye hesabu ya tani 20 na mfano wa chupa. Katika kipindi cha pili ashughulikie ufagio, historia kwa ufupi, na grafu. Picha zaweza kutumika, lakini zifuate hesabu. Tumeona mara nyingi kwamba picha ikitangulia, hesabu hugeuka kuwa adhabu.

Maswali ya majadiliano yaweza kuwa haya:

1. Kampuni yasema roketi yake yatumika tena. Ni mambo gani matatu utakayouliza kabla ya kukubali kwamba ni rahisi?

2. Gharama ya kampuni ikipungua, je, ni lazima bei anayotozwa mteja ipungue kwa kiasi hicho hicho? Nini huweza kuizuia isipungue?

3. Nchi yenye mahitaji ya setilaiti moja kila baada ya miaka mitano yafaa kuunda roketi yake ya kutumika tena, au kukodi nafasi katika roketi ya wengine? Jibu litetewe kwa grafu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba suala la roketi zinazotumika tena ni suala la fizikia na la hesabu za biashara kwa pamoja, na kwamba mwanafunzi wa kawaida aweza kulifikia kwa chupa, ufagio na karatasi ya grafu. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha asiogope kulishika somo hili kwa kuwa shule yake haina maabara. Yatosha ahakikishe kwamba kila mwanafunzi anatoka darasani akiwa amezichora grafu tatu kwa mkono wake, na anaweza kueleza kwa nini mbili kati yake huanza juu ya ile ya kwanza.